Waliolala Nje ya Uzio

Jumatatu, 9 Aprili 1979

Dada Yevka, usinikasirikie. Tangu Krismasi yetu umeniandikia mara tatu na mimi sijakujibu hata mstari mmoja. Sina udhuru wa maana. Olenka anaota meno, hanipi usingizi, na nikishika kalamu mkono unalala kabla yangu. Kwa hiyo nimeamua hivi: nimechukua daftari la shule, nitaandika kidogo kidogo, siku yenye jambo nitaandika jambo, siku tupu utaisoma tupu. Barabara ikikauka nitakutumia lote kwa mkupuo.

Habari yenyewe ni makaburi. Kile kilima cha kaskazini walikozikwa akina Lukashuk, ukoo wa mume wangu, tangu mzee Ilko alipokuja huku Alberta kutoka Bukovina, akagombana na kanisa, akaapa kwamba hazikwi na watu wa padri; wanawe walirudi kanisani, ila wanazikwa palepale. Alikuwa mhunzi. Misalaba yote ya chuma pale juu aliifua mwenyewe, hata wa kwake, akauacha bila tarehe ya mwisho. Siku hizi kilima ni cha Nestor, kaka wa mume wangu, ndivyo marehemu baba yao alivyogawa. Chini ya kilima kuna changarawe tupu, na kuna watu wa mjini wanaitaka, na Nestor yuko tayari kuwauzia. Ndiyo maana Metro wangu aliandika serikalini kabla ya theluji, akaomba pale patambuliwe kuwa mahali pa urithi, pasichimbwe. Wamejibu. Wanamleta mwanamke kupaangalia.

Wewe hukuwahi kuliona kaburi la mwanangu, dhoruba ilikuzuia njiani, basi nikueleze liliko. Ukipanda kilima, uzio wa seng'enge uko mbele yako, misalaba iko ndani. Mwanangu hayumo ndani. Alizaliwa alfajiri, akafariki kabla ya ng'ombe kukamuliwa jioni, padri alikuwa amekwama kwenye theluji, na mama mkwe akasema asiyebatizwa hulala nje. Mimi nilikuwa kitandani na homa, sikuulizwa. Yuko hatua chache nje ya waya, upande wa mipopla, chini ya jiwe nililolibeba mwenyewe majira ya kuchipua yaliyofuata.

Sasa umejua kwa nini nataka kilima kile kitambuliwe.

Alhamisi, 12 Aprili

Theluji imerudi. Nepi zimegandia kwenye kamba, zimesimama kama mbao.

Jumanne, 17 Aprili

Yule mwanamke amekuja. Anaitwa Bi Halvorsen, kijana kuliko nilivyodhani, buti za mpira hadi magotini, na utepe wa kupimia shingoni kama fundi cherehani. Mama mkwe, unamjua Mama Tekla, alikuwa amepika tangu jana. Kabichi za kufungwa, maandazi ya viazi, supu ya viazisukari.

"Mwambie aketi ale," alimwambia Nestor, maana yeye Kiingereza hasemi. "Mtu mwembamba hivi atapimaje wafu? Watamvuta."

Nestor akatafsiri kwamba mama anamkaribisha. Nestor siku hizi ndiye ulimi wa familia. Jambo hilo lilinishangaza: nilidhani atamfungulia mbwa yule mwanamke, badala yake kamfungulia mlango.

Tulipanda kilimani wote. Bi Halvorsen alikuwa akigusa misalaba polepole kama mtu anayepima homa. Alisema hajaona mingine kama hii katika wilaya nzima. Alipiga picha kichaka cha maua ya zambarau, ingawa bado hakijachipua, na misalaba ya mbao iliyooza. Aliuliza nani alilala wapi, na Mama Tekla akamtajia kila mmoja na kifo chake. Huyu mafua makubwa. Huyu alikanyagwa na farasi. Huyu alikula uyoga asiokubaliana nao. Sijawahi kumwona mama mkwe amesimama wima hivyo. Uso uling'aa, dada, nakwambia kweli, na kwa muda mdogo nilimpenda.

Kisha Bi Halvorsen akauliza: "Na mpaka? Mpaka wa makaburi ni huu uzio?"

"Uzio ndio mpaka," Nestor akasema haraka. "Ndani ni wazee. Nje ni changarawe."

Hapo nikamwelewa. Kilima alishakigawa kichwani mwake. Wamwandikie uzio, wamwachie kilima kilichobaki, tingatinga lichimbe hadi kwenye waya.

Nilikuwa na Olenka kiunoni. Nikasema kwa Kiingereza, "Nje pia kuna watu."

Nestor akacheka kama mtu mzima anayemwombea radhi mtoto. "Mke wa mdogo wangu. Mtoto wake anaota meno, hajalala wiki nzima. Nje kuna mawe tu, Bi. Tunayatoa shambani tunayatupa huku."

"Anasema nini?" Mama Tekla akauliza.

"Anasema nje kuna watu," Nestor akamjibu kwa lugha yetu.

Mama Tekla hakunitazama. "Mwambie kuna mawe," akasema.

Nilimtazama Metro. Alikuwa anafuta tope kwenye buti kwa kijiti, kana kwamba buti lile ni kazi ya serikali.

Bi Halvorsen alikaza macho kwangu kidogo, kisha akafunga utepe wake. Alieleza kwamba ataandika ripoti, baraza la wilaya litakaa Juni, na likikubali, mpima ardhi atapima kwa kufuata uzio atakaoukuta. Nimeyaweka maneno hayo mahali salama: uzio atakaoukuta.

Jumapili, 22 Aprili

Pasaka. Kristo amefufuka. Mayai yangu yamepasuka rangi, ya Mama Tekla hayakupasuka, na amehakikisha kila mtu ameyaona yote.

Jumapili, 29 Aprili

Leo ilikuwa Jumapili ya makaburi. Nimetulia kwanza ndipo naandika.

Unajua inavyokuwa. Kila familia na kikapu chake, mkate wa Pasaka, mayai, mshumaa juu ya kila kaburi, padri anapita akiimba na kunyunyiza maji, kisha watu wanaketi kwenye nyasi wanakula pamoja na wafu wao. Mimi nilioka mikate midogo, mmoja nikaufunga kwenye kitambaa peke yake. Padri Roman alipoanza safu ya kwanza, niliinua waya, nikapita chini, nikauweka mkate ule juu ya jiwe, yai jekundu pembeni.

"Rudisha huo mkate." Mama Tekla, kutoka ndani ya uzio. Hakupaza sauti. Hahitaji.

"Ni wa mwanangu, mama."

"Mkate wa Pasaka ni wa Wakristo."

"Kwani yeye alikuwa nini, kuku?"

Slavka, mke wa Nestor, akacheka, akajifanya anakohoa. Padri Roman alikuwa amefika kwenye kona. Nikamwita. "Baba, njoo ubariki na huku."

Akamwangalia Mama Tekla, akaniangalia mimi. Yeye ni mtu mpole, lakini upole wake unamfaa yeye mwenyewe. "Binti yangu, mimi nabariki ninapoonyeshwa."

"Nakuonyesha. Hapa."

"Kanisa halina neno na uzio huu, uzio ni mila yenu wenyewe..."

"Kama kanisa halina neno, vuka."

Hakuvuka. Alinyanyua kile kifagio chake cha maji, akanyunyiza akiwa palepale alipo. Maji yalifika kwenye waya. Niliyaona matone yananing'inia kwenye seng'enge, moja baada ya jingine, na hakuna hata moja lililofika kwa mwanangu.

Tulipokuwa tunaondoka Mama Tekla aliinama, akapenyeza mkono chini ya waya, akauchukua mkate, akaupangusa mchanga. "Mkate hautupwi," akasema. Jioni aliukata akauweka mezani. Mimi sikula. Metro alikula. Nilimwangalia anavyotafuna, kipande chote, hadi makombo.

Alhamisi, 3 Mei

Metro anasema tungoje kupanda kuishe. Nikamwambia, shayiri ina siku zake na baraza lina siku zake. Akasema, "Zonia, yule ni mama yangu." Nikamwambia, "Na yule ni mwanao." Akatoka kwenda kupaka mafuta trekta iliyokwishapakwa mafuta.

Jumatatu, 7 Mei

Nimeanza kusogeza uzio.

Si kwa hasira, dada. Nimewaza siku nyingi nikisuuza nepi. Mpima ardhi atafuata uzio atakaoukuta, basi huo atakaoukuta uwe mahali pake. Nilimlaza Olenka ndani ya sanduku la viazi, blanketi chini, nikabeba sepeto na mtaimbo, nikapanda. Nguzo ya kwanza iling'oka vizuri, imeoza chini. Lakini kuchimba shimo jipya! Juu ni tope, ukifika kimo cha goti ni barafu. Ardhi huku haijaamka bado. Nimepiga mtaimbo mpaka viganja vikatoka malengelenge, nimepata nguzo mbili tu, moja imeinama kama mlevi.

Jumatano, 9 Mei

Nestor amezing'oa zote mbili kwa mnyororo. Nilisikia trekta kutoka jikoni. Ameziweka mlangoni kwangu, zimepangwa sambamba, vizuri kabisa, kama mtu aliyekuletea kuni.

Ijumaa, 11 Mei

Nimezirudisha, na ya tatu.

Jumamosi, 12 Mei

Amezing'oa. Safari hii alikuja ndani, akajimiminia chai ya mama yake.

"Shemeji," akasema, "wewe una nguvu. Ningekuwa na kibarua kama wewe ningekuwa tajiri."

"Niajiri basi. Nikuchimbie uzio."

"Cheka. Hicho kilima ni changu kwa karatasi. Ndani ya uzio nimewaachia, sina tabu na wazee. Unataka nini zaidi?"

"Nataka mpaka ufike kwenye mipopla."

"Chini ya mipopla ndipo changarawe ilipo nzuri." Akasema hivyo, Yevka, kama mtu anayekueleza mahali nyama laini ilipo. Mama Tekla alikuwa anamenya vitunguu, hakuinua kichwa. Nikamuuliza yeye: "Mama, na wewe unasemaje?"

"Nasema vitunguu vya mwaka huu vidogo."

Nilimchukia siku nzima. Nilimchukia nikimpa supu, nilimchukia nikimtandikia kitanda. Jioni goti lake lilimuuma nikamsugua dawa, na hata hapo mikono yangu ilikuwa inamchukia.

Jumanne, 15 Mei

Mvua. Olenka ametoa jino.

Jumamosi, 19 Mei

Barafu imelegea. Nimesimamisha nguzo tano kuanzia alfajiri, na waya wa chini nimeufunga. Nestor alikuja na mnyororo kabla ya chakula cha mchana. Mimi nilikuwa na sepeto mkononi, na sijui, dada, sijui ningefanya nalo nini.

Metro alikuwa anapanda shayiri kwenye shamba letu la pembeni. Nilimwona amesimamisha trekta katikati ya mstari, akashuka, akaja kwa miguu, hatua zake zilezile za taratibu zinazoniudhi siku zote. Aliikumbatia nguzo ya kwanza kwa mikono yote miwili, akaketi chini kwenye tope, mgongo kwa Nestor.

"Ondoka, Metro."

"Nimechoka. Napumzika."

"Mbegu zako ziko kwenye mashine, mvua inakuja."

"Naiona."

"Ondoka nisije nikakuburuta nayo."

"Buruta."

Nestor alifunga mnyororo kwenye nguzo ya pili, akaing'oa, kisha ya tatu, ya nne, ya tano. Ile ya kwanza hakuigusa. Metro alibaki pale hadi mvua ikamlowesha, na mimi niliketi karibu naye. Nikamuuliza kama siku ile alipokula mkate aliisikia ladha yake. Akasema, "Nilikuwa naumaliza ili usikae mezani." Sijui kama namwamini. Lakini ile mbegu ililowa ndani ya mashine, ikavimba, na hakunilaumu.

Alhamisi, 24 Mei

Nilikwenda kwa jirani mwenye simu nikampigia Bi Halvorsen. Nilimwambia yote kwa pumzi moja kabla ujasiri wangu haujaisha. Akasema alishajua siku ileile, mawe ya shambani hayapangwi yakaelekea mashariki kama makaburi. Nikamuuliza, kama ulijua mbona hukuandika? Akasema hawezi kuandika kaburi ambalo familia inakana. Lazima mtu wa ukoo aliseme mbele ya baraza. Nikamwambia mimi ni wa ukoo. Akasema, "Utasema lako. Lakini nimehesabu mawe zaidi ya moja."

Zaidi ya moja. Nilipanda tena kilimani nikiwa na Olenka mgongoni. Nyasi za mwaka jana zimelala, na kweli, ukichuchumaa unaona. Mawe yamezama, mengine yamebaki ukingo tu kama sahani iliyozikwa. Nimekuwa nikipiga mtaimbo katikati yao.

Jumapili, 27 Mei

Nimemuuliza Mama Tekla ni akina nani. Akaniambia nifunge mlango, mbu wanaingia.

Jumatano, 6 Juni

Baraza lilikaa jana. Ukumbi ulikuwa umejaa, kila mtu aliyewahi kumkopa Nestor kitu alikuja, na wengine waliokuja kwa ajili ya kahawa. Wajumbe watano mezani, katikati mwenyekiti, Bwana Zaleski, yule mwenye masharubu. Mama Tekla alisema atakuja kuwasikiliza wanavyowasifu wazee, akavaa kitambaa chake cha maua. Aliketi upande wa Nestor.

Bi Halvorsen alisoma ripoti kuhusu Ilko na ufundi wake, familia iliyozika watu wake kwenye ardhi yake yenyewe, safu zinazoelekea mashariki. Watu walitikisa vichwa kwa fahari. Kisha akasema anaambiwa kuna makaburi nje ya uzio, na kama yapo, basi kwake ndiyo yenye uzito kuliko misalaba yote, maana misalaba inaonyesha familia ilivyotaka kuonekana, na mawe yale yanaonyesha ilivyoishi. Watu wakaweka vikombe chini, kama waliosikia jambo la ndani likisemwa kwa sauti.

Nikasimama. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, yote yakanikimbia. Nikasema tu: "Mwanangu yuko pale. Anaitwa Ilarion. Alizaliwa Novemba na alikuwa na nywele." Nikaketi.

Nestor akainuka, mpole kama maziwa. "Mwenyekiti, hatukatai. Kuna kaburi moja, la mtoto wa saa chache, Mungu amrehemu. Hata hakubatizwa. Kwa ajili ya amani niko tayari kulipa gharama zote ahamishiwe kwingine. Si kazi kubwa. Sanduku lenyewe dogo, kama la viatu."

"Saba," mtu akasema.

Alikuwa Mama Tekla. Bado ameketi. Bwana Zaleski, ambaye anasema lugha yetu, akamwomba arudie.

"Makaburi ni saba." Akasimama, akashika kiti cha mbele yake. "Karibu na mwerezi uliokatwa ni Marynia, mke wa kwanza wa mzee Ilko, aliyejinyonga zizini majira ya baridi ya kwanza. Wawili wa mama mkwe wangu, mapacha, wako pamoja chini ya jiwe bapa lakini mashimo ni mawili. Huyu hapa wa mkamwana wangu. Na watatu ni wangu."

"Mama, keti," Nestor akasema.

"Wa pili alikufa mwaka mmoja kabla hujazaliwa. Ulilala kwenye kitanda chake. Shuka ilikuwa yake." Sauti haikupanda hata kidogo, ndiyo iliyonitisha. "Sanduku la viatu! Baba yako alimzika kwenye sanduku la sabuni, Nestor. Sanduku la viatu tungelitoa wapi? Viatu vyenyewe hatukuwa navyo."

Mtu nyuma alianza kucheka, akakata katikati.

Bwana Zaleski alimtafsiria Bi Halvorsen na wajumbe wasiojua lugha. Ilimchukua muda, na wote tulingoja. Akamuuliza Mama Tekla majina ya watoto, aandike.

"Hawana," akasema. "Nilikatazwa." Akaketi, akarekebisha kitambaa.

Walipiga kura, watatu kwa wawili. Mpaka utafika kwenye mipopla, na makaburi yote saba yatakuwa ndani. Lakini wale wawili hawakutaka iwe rahisi, wakaweka sharti: kila kaburi liwe na alama ya kudumu, na uzio mpya uwe umesimama siku ambayo mpima ardhi atakuja, Ijumaa tarehe 29. Usiposimama, atapima ule wa zamani, na mambo yamekwisha.

Nje mvua ilikuwa imeanza. Nilimfuata mama mkwe, nikamgusa kiwiko. "Mama..."

Akakiondoa. "Usinishukuru. Sikusema kwa ajili yako."

"Najua."

"Hujui. Miaka arobaini nimekula mkate ule juu ya kilima nikijua wangu hawali. Nilimeza kwa sababu niliambiwa ndivyo. Nawe ukaja na kitambaa chako, ukapita chini ya waya, ukauweka mkate kama mtu anayeweka sufuria mezani. Ukauweka tu! Kama ilikuwa rahisi hivyo, mimi nilikuwa nafanya nini miaka yote hiyo?"

Nilijua tu kwamba analowa.

"Nakuchukia kwa hilo," akasema.

"Nichukie, mama. Lakini panda gari, kunanyesha."

Akapanda. Njia nzima Olenka alilala mapajani mwake kwa kuwa mimi nilikuwa nashikilia mlango mbovu.

Ijumaa, 8 Juni

Mama Tekla amehamia kwa Slavka. Amechukua godoro la manyoya, picha takatifu na sufuria kubwa. Nestor alikuja na gari kumbeba lakini yeye na mama yake pia hawasemezani, kwa hiyo waliondoka wakiwa wametazama mbele kama watu wanaoendeshwa na farasi. Nilimuuliza mlangoni, "Mama, watatu wale ungewaita nani?" Akasema niangalie maziwa yanachemka. Na kweli yalikuwa yanachemka.

Nyumba ni kimya. Nilidhani nitafurahi.

Jumatatu, 11 Juni

Duka la ushirika halina seng'enge. Nimeiona mizingo minne nyuma ya kaunta kwa macho yangu. "Imeshawekewa watu," akasema muuza duka, ambaye ni baba yake Slavka. Misumari? Imekwisha. Rangi? Imekwisha. "Wiki ijayo labda, au Julai." Padri Roman alikuwa pale ananunua mishumaa, akanisalimu akiangalia kofia yangu. Nguzo tunazo, Metro amekata misonobari kwetu na kuimenya, ziko kumi na nane zimelala uani. Ameacha magugu yatambae kwenye shayiri, na sijamwambia chochote, wala yeye.

Kwa hiyo, dada, barabara imekauka na daftari hili linakujia leo kwa basi la vifurushi. Usilijibu kwa barua. Mwambie shemeji Petro awashe ile karakana yake ya kuchomelea, na vitu vije kwa basi la Alhamisi ya tarehe 21, usichelewe kama nilivyochelewa mimi. Ninachohitaji ni hiki.

Seng'enge ya miiba, mizingo mitatu. Minne kama mko nayo.

Misumari ya kukazia waya, ile yenye ncha mbili, ratili tano. Na koleo la kukatia, la Metro liko kwa Nestor.

Rangi nyeupe ya chuma, mikebe miwili, na brashi mbili, usinunue za bei rahisi zinanyonyoka.

Glavu za ngozi za mkono wangu, si za kiume.

Dawa ya fizi ya mtoto, ile ya chupa ndogo.

Mafuta ya kusugua magoti, yale ya kopo jekundu. Nitampelekea hukohuko kwa Slavka, akitaka ayamwage.

Na misalaba saba ya chuma, kimo cha kiuno, ya kwetu, yenye ule mkono wa chini ulioinama. Mmoja Petro auandike MARYNIA. Mmoja auandike ILARION. Ile mingine mitano asiandike kitu, lakini bamba la katikati alikate pana, majina ya ukoo huu ni marefu.

Zonia